Kiporo cha Makusudi: Habari za Oti Iliyolala Majini

Kiporo ni neno lisilo na heshima kubwa katika lugha yetu. Ni chakula kilichobaki jana kikalala, na mlaji wake hudhaniwa kuwa mtu wa haraka au mtu wa shida. Lakini kiko kiporo ambacho hakikubaki. Kimelazwa kwa makusudi, kwa mkono wa mtu aliyefikiri habari za kesho kabla ya kulala usingizi wa leo. Hicho ndicho staftahi ya oti iliyoloweshwa usiku, ambayo siku hizi husifiwa katika miji mingi ya dunia kwa mambo mawili: kwamba humpunguzia mtu kazi ya asubuhi, na kwamba huupa mwili protini nyingi. Sifa ya kwanza ni ya zamani na ni ya haki. Sifa ya pili ina kisa cha ajabu, kwa sababu tabibu aliyekipa chakula hiki umaarufu alikitunga wakati alipokuwa akiipinga imani kubwa ya zama zake juu ya protini. Namna chakula kilivyozaliwa mpinzani, kisha kikakua kuwa mtumishi wa jambo lile lile kililolipinga, ndiyo habari ya insha hii. Msomaji atakayeifuata ataona kwamba bakuli dogo laweza kubeba ndani yake ugomvi wa wataalamu wa karne mbili.

Oti ni nafaka ya nchi za baridi. Si ngano wala si shayiri, ingawa ni jamaa yao. Hustahimili mvua nyingi na ardhi hafifu kuliko ngano, na kwa hiyo ilipendwa na watu ambao ngano iliwanyima riziki. Plinius, mwanachuoni wa Roma aliyeishi katika karne ya 1, aliandika kwamba makabila ya Ujerumani yalipanda oti na kuutegemea uji wake. Huko Uskoti oti ilikuwa mkate, uji na akiba ya safari. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755, aliieleza nafaka hii kwa dhihaka, akiwataja farasi wa Uingereza na watu wa Uskoti katika maneno yale yale. Dhihaka hiyo haikuwapunguzia Waskoti nguvu wala haikuwaongezea Waingereza. Lakini inatuonyesha cheo cha oti katika macho ya wakubwa: kilikuwa chakula cha mnyama na cha maskini.

Punje ya oti ina ukaidi wake. Hata ikivuliwa ganda, huhitaji moto wa muda mrefu mpaka ilainike, na mtu aliyeamka alfajiri kwenda kazini hana muda mrefu wa kuupa moto. Tena ina mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, na mafuta hayo huchacha upesi punje ikisagwa bila kupashwa moto. Mambo haya mawili yalitatuliwa viwandani katika karne ya 19. Ferdinand Schumacher, Mjerumani aliyehamia Marekani, alianzisha kinu cha oti katika mji wa Akron, Ohio, mwaka 1856. Mwaka 1877, katika jimbo hilo hilo, jina la Quaker liliandikishwa kuwa alama ya biashara ya oti. Katika miaka iliyofuata wenye vinu walizoea kuzipitisha punje katika mvuke, kisha kuzibana baina ya magogo ya chuma yanayozunguka mpaka zikawa vibapa vyembamba. Mvuke uliyazuia mafuta yasichache, ukaanza na kuipika punje. Ubapa uliyapa maji njia fupi ya kuingia ndani. Tangu hapo kibapa cha oti hakikuwa tena mateka wa moto. Kikiachwa katika maji kwa saa nyingi, hulainika chenyewe, polepole, bila kuni na bila mwangalizi. Usiku ukawa mpishi asiyelipwa ujira.

Basi chombo kilikuwa tayari. Ilibaki kupatikana mtu wa kukitia maana, na ili kumwelewa mtu huyo yapasa kwanza tuitazame imani aliyoikuta imetawala.

Mwaka 1838 mkemia wa Kiholanzi, Gerrit Jan Mulder, alilitangaza jina la protini, alilopewa na mwenzake wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius. Jina lilitolewa katika Kiyunani, na maana yake ni kitu kishikacho daraja la kwanza. Jina likivikwa cheo namna hiyo, fikira za watu hulifuata. Justus von Liebig, mkemia maarufu wa Ujerumani, alifundisha kwamba musuli hufanya kazi kwa kuitumia protini yake yenyewe, na kwa hiyo mfanyakazi lazima airudishe kwa chakula. Mwaka 1865 wataalamu wawili wa Zürich, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, waliupanda mlima Faulhorn baada ya kula chakula kisicho na protini, wakapima taka ya protini iliyotoka katika mikojo yao. Hesabu yao ilionyesha kwamba protini iliyotumika isingetosha hata kidogo kuiinua miili yao mpaka kileleni. Nguvu ya kupanda ilitoka kwingine, katika wanga na mafuta. Ushahidi huo ulikuwa mzuri, lakini heshima ya daraja la kwanza haikushuka upesi.

Mjini Munich, Carl von Voit alitoa kipimo kilichosikika nchi nyingi: mtu mzima afanyaye kazi ya kadiri apate gramu 118 za protini kila siku. Kipimo hicho kilitegemea sana mambo aliyoyaona yakiliwa na wafanyakazi wenye riziki ya kutosha. Kwa maneno mengine, desturi ilitazamwa, ikaandikwa, ikarudi kwa watu kwa sura ya sheria. Tabu yake haikuwa ya vitabuni tu. Nyama ilikuwa chakula cha fedha nyingi. Familia ya kiwandani iliyokula viazi, mkate na uji ilihukumiwa mara mbili: kwanza kwa umaskini wake, na pili kwa udhaifu ambao ilidhaniwa lazima utokane na umaskini huo. Baba wa nyumba alipopata kipande kimoja cha nyama, mara nyingi alikila yeye, kwa kuwa ndiye aliyehesabiwa kuwa na kazi. Mama na watoto wakatazama. Kipimo cha chakula kikikosewa, hukosewa pia haki ya wale wasiokaa karibu na chungu.

Katika hali hii alitokea Maximilian Bircher. Alizaliwa Aarau, Uswisi, mwaka 1867, akasomea utabibu, akafungua kazi yake Zürich mwaka 1891 katika mtaa wa wafanyakazi. Mwaka 1893 alimwoa Elisabeth Benner, na kwa kuliunganisha jina la mkewe na lake akajulikana kwa jina la Bircher-Benner. Inasimuliwa kwamba aliugua ugonjwa wa manjano, akashindwa kula, na kipande cha tufaha bichi ndicho kilichomrudishia hamu ya chakula. Inasimuliwa vilevile kwamba karibu na mwaka 1895 alikuwa na mgonjwa wa tumbo aliyekataa kila kilichopikwa, na alipolishwa matunda na mboga mbichi akaanza kupona. Kisa cha mgonjwa mmoja si ushahidi wa kutosha, lakini kimewahi kuwa mlango wa fikira nyingi.

Fikira ya Bircher-Benner ilikuwa hii: kwamba mimea hukusanya nguvu ya jua, kwamba nguvu hiyo hupungua kwa kupikwa, na kwamba nyama, iliyoko mbali zaidi na jua, ndiyo iliyo chini katika daraja la vyakula. Alikichukua kile kilichowekwa juu na watu wa zama zake akakiweka chini, na matunda yaliyodharauliwa akayaweka juu. Mwaka 1900 aliyaeleza mawazo yake mbele ya chama cha madaktari wa Zürich. Wenzake hawakumsikiliza kwa radhi. Walimwona ametoka nje ya mipaka ya elimu. Naye hakunyamaza. Mwaka 1904 alifungua nyumba ya matibabu juu ya kilima cha Zürichberg, akaiita kwa Kijerumani jina lenye maana ya Nguvu Iliyo Hai. Wagonjwa waliamka mapema, wakatembea kabla ya kula, wakaota jua, wakaoga maji ya baridi, wakalala mapema. Tumbaku, pombe na kahawa vilikatazwa. Mwandishi Thomas Mann alikaa pale mwaka 1909, na utawala wa nyumba hiyo aliuona kama kifungo. Kweli ilikuwa kifungo, lakini ni kifungo ambacho matajiri walilipa fedha ili wafungwe.

Hapo ndipo bakuli letu lilipopata jina. Bircher-Benner alisimulia kwamba alikutana na chakula cha namna hii katika matembezi yake ya milimani, kwa wachungaji wa Alpi. Alikiita chakula cha matufaha. Watu wakakiita müesli, neno la Kijerumani cha Uswisi lenye maana ya kirojorojo kidogo. Kwa mtu mmoja kipimo chake kilikuwa hivi: kijiko kimoja kikubwa cha oti kiloweshwe katika vijiko vitatu vya maji kwa saa 12, kisha kitiwe kijiko cha maji ya limau na kijiko cha maziwa mazito ya kopo yenye sukari, tufaha moja kubwa, pamoja na ganda na moyo wake, likunwe na kukorogwa humo upesi lisije likageuka rangi, juu kinyunyizwe kijiko cha lozi au kokwa za namna hiyo zilizosagwa. Kililiwa mwanzo wa mlo, asubuhi na hata jioni.

Kila kitu katika kipimo hiki kina sababu yake ya historia. Maziwa ya kopo yalichaguliwa kwa sababu maziwa mabichi ya siku zile yalihofiwa, kwa kuwa yaliweza kuchukua kifua kikuu. Na kopo lenyewe lilikuwa bidhaa ya jirani, maana kiwanda cha maziwa ya namna hiyo kilianzishwa Cham, karibu na Zürich, mwaka 1866. Limau lilizuia tufaha lisiwe jeusi. Maji, si maziwa, ndiyo yaliyolala na oti, kwa kuwa maziwa yangelala vibaya katika nyumba isiyo na jokofu. Lakini msomaji azingatie zaidi ukubwa wa vitu. Tufaha ndilo bwana wa bakuli; oti ni mgeni wa kijiko kimoja. Tukihesabu kwa maarifa ya leo, bakuli zima lilikuwa na kadiri ya gramu 5 tu za protini. Kwa mizani ya Voit lilikuwa karibu na si kitu. Upungufu huo haukumtoroka mtungaji wake. Ulikuwa ndio hoja yake.

Je, nani alikuwa na haki? Historia haikumpa mtu mmoja ushindi wote. Mwaka ule ule wa 1904, Russell Chittenden wa Chuo Kikuu cha Yale alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa walimu, askari na wanafunzi wachezaji wa michezo. Waliishi miezi mingi kwa protini iliyokaribia nusu ya kipimo cha Voit, au chini yake, na nguvu zao hazikupungua. Kipimo kikubwa kikatikiswa na vipimo vya uangalifu. Kwa upande wa pili, ile nguvu ya jua iliyo hai haikupata kuthibitishwa. Jambo lililokuwa limejificha ndani ya matunda mabichi lilikuwa jingine: Casimir Funk alilipa jina la vitamini mwaka 1912, na katika miaka ya 1930 vitamini C ilikwisha julikana waziwazi, pamoja na udhaifu wake mbele ya moto. Bircher-Benner, basi, alifika nyumba ya kweli kwa njia isiyo yake. Alisifu tufaha, kokwa na nafaka isiyokobolewa, na hakukosea. Alieleza kwa nini vinafaa, na hapo akakosea. Alifariki mwaka 1939, akiwa ameona chakula chake kikitoka kilimani na kuingia katika nyumba za kawaida, ambako familia nyingi za Uswisi zilikifanya chakula cha jioni.

Chakula kikitoka mikononi mwa mtungaji wake hufuata tabia za wale wanaokipokea. Müesli ilipokaushwa na kutiwa katika maboksi, tufaha bichi halikuweza kuingia humo. Likabadilishwa kwa zabibu na vipande vya matunda makavu, na oti ikapanda kiti cha mbele. Huko Uingereza boksi la namna hii lililoitwa Alpen lilitolewa madukani mwaka 1971, na jina la milima likauzwa pamoja na nafaka. Maziwa nayo yalibadilika. Joto la kuua vijidudu na ubaridi wa jokofu viliondoa hofu ya zamani, na kopo likaondoka likaacha nafasi kwa maziwa ya kawaida na mtindi. Hatimaye, katika miaka ya 2010, oti ya usiku iliondoka tena katika boksi ikarudi majini. Lakini safari hii ililala ndani ya chupa yenye mdomo mpana, katika jokofu, ikiwa na maziwa tangu jioni.

Kipimo cha siku hizi chaweza kuelezwa kwa maneno machache. Vibapa vya oti gramu 40 vina protini kadiri ya gramu 5. Maziwa ya ng'ombe mililita 200 yana gramu 7. Mtindi uliochujwa maji ukawa mzito, gramu 100, una gramu 9 hivi. Kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa kina gramu 4. Vyote vikikorogwa pamoja usiku, vikafunikwa na kuwekwa mahali pa baridi, asubuhi hutoa bakuli lenye gramu 25, yaani mara tano ya bakuli la Zürichberg. Mchanganyiko huo una hekima yake ndani: protini ya oti ina upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na maziwa huujaza. Ni hekima ile ile ya ugali na maharagwe, ambayo bibi zetu waliijua kwa ulimi kabla haijaandikwa kwa kalamu. Lakini sharti la ubaridi lisisahauliwe. Maziwa yaliyotiwa jioni na kuachwa katika joto la nchi zetu hayalali. Huwa makao ya vijidudu. Asiye na jokofu ni heri achemshe uji wake asubuhi, na asijione amepitwa na chochote.

Tumefika mahali ambapo kisa kinajigeuza. Leo neno protini limeandikwa juu ya maboksi, juu ya chupa na juu ya vipande vitamu ambavyo juzi viliitwa peremende. Daraja la kwanza la Mulder limerudi, likiwa limevaa nguo za dukani. Na chombo kinachochukuliwa kulihudumia ni kile kile kilichotungwa na mtu aliyelipinga. Shirika la Afya Duniani na wenzake, katika taarifa ya mwaka 2007, walitaja kipimo cha gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 hesabu hiyo ni gramu 58, karibu nusu kamili ya zile 118 za Voit. Bakuli moja la gramu 25 humpa mtu huyo zaidi ya theluthi ya haja yake kabla jua halijapanda, na mlo wa mchana na wa usiku bado haujafika.

Hayo hayaifanyi protini kuwa mzaha. Wako wanaoihitaji zaidi: wazee, ambao musuli zao hupungua na ambao wataalamu wengi huwashauri waongeze kipimo, watoto wanaokua, wanaonyonyesha, wanaoinuka kutoka katika ugonjwa, wenye kazi nzito. Kwa mzee ambaye asubuhi hana hamu wala nguvu ya kusimama jikoni, bakuli lililoandaliwa jana na mwanawe ni msaada mkubwa, na kuliita anasa ni kumdhulumu. Dhuluma ya pili ni kumwambia mfanyakazi mwenye fedha chache kwamba bila unga wa kopo ghali mwili wake utapungua, hali karanga, maharagwe na maziwa viko sokoni. Dhuluma hii si mpya. Ni ile ya Munich, iliyobadilisha mlango wa kuingilia.

Basi fundisho la historia hii halimwamuru mtu ale oti, wala halimkatazi. Linamwomba autofautishe mwili na mtindo. Voit alitazama desturi akaiita haja. Bircher-Benner alitazama uponyaji akauita mwanga wa jua. Muuzaji wa leo hutazama hofu akaiita afya. Katika kila zama bakuli lilikuwa lile lile, nafaka na maji na usiku mmoja, na katika kila zama waliokula walikuwa wengi kuliko waliobishana. Sifa iliyodumu bila kukanushwa na tabibu yeyote ni ile ya wachungaji wa milimani: kwamba kazi ndogo ya jioni humwachia mtu asubuhi yake. Mwenye kuamka akakuta chakula kimemngoja amepewa robo saa ya uhai. Akiitumia kwa kula polepole na kusema na watu wa nyumbani mwake, amepata nguvu ambayo haipimwi kwa gramu.